Mistari, Makunyanzi na Mikondo: Istilahi za Mwambo wa Ngozi katika Upasuaji, kwa Mfano wa Mkoa wa Singida

IKISIRI

Makala haya yanachunguza mielekeo ambayo ngozi ya mwanadamu huvutika kwayo, umuhimu wa mielekeo hiyo katika upasuaji, na namna inavyofaa kutajwa kwa Kiswahili. Inadaiwa humu kwamba jina "mistari ya mvutano wa ngozi", ambalo ni tafsiri ya moja kwa moja kutoka lugha za Ulaya, linachanganya dhana tatu zisizofanana: mistari iliyochorwa juu ya ngozi ya maiti, makunyanzi yanayoonekana katika ngozi iliyo hai, na mwelekeo wa mvuto unaopapaswa ngozi inapotulia. Mpasuaji anayezichanganya dhana hizi anaweza kumwachia mgonjwa kovu ambalo lingeweza kuepukwa. Tunapendekeza istilahi tatu zilizojengwa juu ya msamiati uliopo, hasa kitenzi wamba, na tunazipima kwa mahitaji ya daktari na mgonjwa katika hospitali za Mkoa wa Singida.

1.0 UTANGULIZI

Daktari anayefanya kazi Kiomboi, Makiungu, Iambi au Itigi hutumia lugha mbili kila siku, na mara nyingi huzungukwa na ya tatu. Alifundishwa udaktari kwa Kiingereza na huandika faili la mgonjwa kwa Kiingereza. Lakini anapomweleza mgonjwa kitakachofanyika chumbani mwa upasuaji, humweleza kwa Kiswahili. Mgonjwa naye huenda nyumbani anazungumza Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu au Kitaturu, au Kihadza ikiwa anatoka upande wa Ziwa Eyasi. Singida ni miongoni mwa mikoa ambamo lugha za asili tofauti kabisa hukutana, na Kiswahili ndicho daraja baina yao. Kwa hiyo, dhana ya kitabibu isiyokuwa na jina zuri katika Kiswahili hukwama katikati ya daraja hilo.

Miongoni mwa maswali ambayo mgonjwa humwuliza mpasuaji ni hili: kovu litakuwaje? Swali ni fupi, lakini jibu lake lina matawi mengi. Ukubwa wa kovu hutegemea ukubwa wa jeraha, usafi, ustadi wa mshono, umri wa mgonjwa na maumbile yake. Aidha, hutegemea jambo moja ambalo mpasuaji hulitawala tangu mwanzo kabisa, nalo ni upande alioulaza mkato wake. Mikato miwili yenye urefu sawa, iliyofanywa na mkono mmoja katika shavu moja, huweza kuacha makovu yasiyofanana hata kidogo, kwa sababu mmoja umefuata mwelekeo wa ngozi na mwingine umeukingama.

Huenda msomaji akahoji kwa nini suala hili lijadiliwe katika jarida la Kiswahili badala ya kuachiwa matabibu. Sababu yetu ni kwamba tatizo lenyewe kwa sehemu kubwa ni la istilahi. Katika maandishi ya taaluma ya upasuaji, mielekeo hii imepewa majina yanayozidi thelathini, na majina hayo hayataji kitu kimoja. Kiswahili kikiyapokea yote kwa jina moja la tafsiri, kitaurithi mkanganyiko ambao wenyewe wameshindwa kuuondoa.

2.0 NGOZI NA MWAMBO WAKE

Ngozi ina tabaka kuu mbili. Tabaka la nje ni jembamba, na kazi yake kubwa ni kinga. Chini yake limo tabaka nene lenye nyuzi za kolajeni, zinazoipa ngozi nguvu, na nyuzi za elastini, zinazoirudisha mahali pake baada ya kuvutwa. Nyuzi hizi hazikutawanyika ovyo. Katika kila sehemu ya mwili, nyingi kati yake huelemea upande fulani, na kwa sababu hiyo ngozi huvutika zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Ngozi juu ya mwili hai haikulegea kama nguo iliyotundikwa. Imetandazwa juu ya mifupa na misuli huku ikivutwa wakati wote. Ushahidi wake ni rahisi: ngozi ikikatwa, kingo za jeraha hujitenga zenyewe bila ya mtu kuzivuta. Kipande cha ngozi kikiondolewa mwilini, hupungua ukubwa, ilhali shimo lililobaki hupanuka.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hali hii si ngeni. Tunao msemo usemao kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwa kawaida twautumia kumsema mtu anayependelea upande wake, lakini maana yake ya msingi inaeleza kwa usahihi kinachotokea katika jeraha: kila ukingo huivutia ngozi kwake. Tofauti ni kwamba mwamba ngoma huchagua atavuta wapi na kwa nguvu gani, ilhali ngozi ya mwili imekwisha kuwambwa na maumbile, kila sehemu kwa namna yake.

Mfano wa pili utatusaidia kueleza kwa nini mwelekeo wa mkato una uzito. Tuchukue kitanda cha kamba ambacho kamba zake nyingi zimelazwa upande mmoja. Kisu kikipitishwa baina ya kamba, sambamba nazo, kamba chache sana zitakatika na mwanya utakuwa mwembamba. Kisu hicho hicho kikipitishwa kwa kukingama, kamba nyingi zitakatika, kila moja itarudi upande wake, na pengo litakuwa pana. Mfano huu una kasoro, kwa sababu nyuzi za ngozi zimefumwa na kupishana kuliko kamba za kitanda. Hata hivyo, kanuni yake ni sahihi: mkato unaofuata mwelekeo wa mvuto mkubwa hufumbika kwa urahisi, na unaoukingama huachama.

Jeraha linaloachama linaweza kushonwa. Ila mshono huo utabeba mzigo wa mvuto kwa muda wote wa kupona, na tishu changa zinazojenga kovu zitavutwa mchana na usiku. Matokeo yake ni kovu pana, nene, lililoinuka au lenye kukaza. Ikumbukwe pia kwamba kovu halirudishi nguvu yote ya ngozi ya awali. Hata likikomaa, hufikia takriban asilimia 80 tu ya nguvu hiyo.

3.0 KUTOKA NGOZI YA MAITI HADI NGOZI HAI

Katika miaka ya 1830, mpasuaji Mfaransa Guillaume Dupuytren alieleza kisa cha mtu aliyejichoma kifuani kwa chombo chenye mwili wa mviringo, mfano wa msharasi wa mshona viatu. Ilitarajiwa matundu yawe ya mviringo. Badala yake yalikuwa mianya mirefu na myembamba, kana kwamba yamefanywa kwa kisu. Dupuytren alitambua kwamba umbo la jeraha halikutokana na chombo peke yake. Ngozi nayo ilikuwa na mchango wake.

Aliyeligeuza jambo hilo kuwa uchunguzi wa utaratibu ni Karl Langer, mwanaanatomia wa Vienna, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1861. Langer alitoboa ngozi za maiti kwa chombo cha mviringo, matundu yakiwa yamekaribiana, katika mwili mzima. Kila tundu lilirefuka kuelekea upande fulani. Alipoyaunganisha matundu hayo kufuata urefu wake, alipata ramani ya mistari iliyouzunguka mwili wote. Ramani hiyo ndiyo inayojulikana hadi leo kwa jina la mistari ya Langer.

Langer mwenyewe alikuwa mwanaanatomia, na shabaha yake ilikuwa kuielewa ngozi. Waliofuata ndio walioipeleka ramani hiyo chumbani mwa upasuaji. Mwaka 1892 Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1909 kwa kazi yake kuhusu tezi ya shingo, alishauri kwamba mikato ya upasuaji ifuate mistari ya Langer. Mkato wa kulazwa shingoni kama ukosi, unaotumika kuondoa rovu, unakubaliana na kanuni hiyo, nao hupona kwa kovu linalojificha katika mikunjo ya shingo.

Ushauri wa Kocher ulikuwa wa maana, lakini ulikuwa na mtego ndani yake. Ngozi ya maiti si ngozi ya mtu aliye hai. Misuli ya maiti hukakamaa na haivuti ngozi kama inavyovuta mtu anapocheka, anapotafuna au anapokunja uso. Mwili uliolazwa mezani nao hauko katika mkao wa mtu anayetembea. Kwa hiyo, pamoja na kwamba mistari ya Langer inalingana na hali ya ngozi hai katika sehemu nyingi za mwili, katika sehemu nyingine inaachana nayo. Sehemu hizo ziko hasa usoni: pembeni mwa mdomo, penye kona ya nje ya jicho na kwenye kipaji upande wa sikio. Ni bahati mbaya kwamba hapo ndipo kovu lisipoweza kufichika.

Katika karne ya 20 yalifanyika masahihisho. H. T. Cox aliichunguza upya mistari ya maiti mwaka 1941. Mwaka 1951 Kraissl alipendekeza kwamba mpasuaji afuate makunyanzi, ambayo kwa kawaida hukingama mwelekeo wa misuli iliyo chini yake. Mfano mzuri ni paji la uso: misuli yake huvuta kwenda juu, na makunyanzi yake hulala. Hatimaye, mwaka 1962, Borges na Alexander walieleza mwelekeo wa mvuto wa ngozi wakati misuli imetulia, na jinsi ya kuutambua kwa vidole. Mpasuaji huifinya ngozi taratibu pande mbalimbali. Akiifinya kwa namna inayokubaliana na mwelekeo wake, ngozi huinuka kwa urahisi na kufanya mikunjo mirefu iliyonyooka. Akiifinya kinyume, ngozi hugoma, na mikunjo yake huwa mifupi au iliyopinda.

Tunaona basi kwamba historia hii ina vitu vitatu. Kimoja kilichorwa juu ya maiti, kimoja huonekana kwa macho, na kimoja hupapaswa kwa mkono. Tutarejea katika utatu huu tutakapojadili istilahi.

4.0 UMUHIMU WAKE KATIKA UPASUAJI

4.1 Uso na shingo

Mji wa Singida uko katika uwanda wa juu, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika eneo kame lenye jua kali kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa mkulima wa alizeti au mchungaji mwenye ualbino, jua hilo ni hatari ya kila siku. Ngozi isiyokuwa na rangi ya kuikinga hupata vidonda, na baadhi ya vidonda hivyo hugeuka saratani, hasa usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Kinga ndiyo tiba bora: kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, na uchunguzi wa mara kwa mara. Kazi kubwa katika uwanja huu imefanywa na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi. Lakini uvimbe ukishatokea, ni sharti uondolewe, na mara nyingi kadiri unavyowahi kuondolewa ndivyo inavyowezekana kuuondoa kwa upasuaji mdogo.

Utaratibu wa kawaida ni kuukata uvimbe kwa umbo la duaradufu yenye ncha mbili, mithili ya jani. Urefu wa duaradufu hiyo huwa takriban mara tatu ya upana wake, na pembe ya kila ncha huwa kama nyuzi 30. Hivyo, eneo la kuondolewa likiwa na upana wa sentimita 1, mkato utakuwa na urefu wa sentimita 3. Duaradufu fupi kuliko hivyo, ikishonwa, huacha vinundu vya ngozi iliyorundikana katika ncha zake. Urefu wa duaradufu ndio unaopaswa kulazwa sambamba na mwelekeo wa ngozi.

Pale ambapo mwelekeo haueleweki, mpasuaji anaweza kuanza kwa kukata duara, kisha akangoja aone duara hilo linarefuka upande gani. Ngozi yenyewe humwonyesha njia, naye humalizia ncha za duaradufu kwa kufuata upande huo. Hapa jaribio la Langer linarudiwa, safari hii juu ya ngozi iliyo hai na kwa faida ya mgonjwa mmoja.

Mambo mawili yasisitizwe. Kwanza, saratani hutangulia uzuri: mwelekeo wa mkato haupaswi kumfanya mpasuaji apunguze ukingo wa ngozi nzima unaotakiwa kuondolewa pamoja na uvimbe. Pili, alama za mkato zichorwe mgonjwa akiwa ameketi, na kabla ya sindano ya ganzi, kwa kuwa dawa huivimbisha ngozi na kuyapoteza makunyanzi.

4.2 Viungo na makovu ya moto

Majeraha ya moto na ya maji yanayochemka huwapata watoto wengi katika nyumba ambamo jiko la mafiga liko chini, na Singida haimo nje ya hali hiyo. Jeraha la moto likipita mbele ya kiwiko, nyuma ya goti au shingoni, kovu lake hukaza na kukivuta kiungo kikunjane. Mtoto aliyeungua kiwikoni huweza kukua akiwa hawezi kuunyoosha mkono.

Kanuni ya msingi ni kwamba mkato ulionyooka usivuke mkunjo wa kiungo kwa kuukingama. Ikiwa kovu la namna hiyo limekwisha kutokea, na ngozi ya pembeni ni nzima, mojawapo ya njia za kulirekebisha ni upasuaji wa umbo la Z. Mpasuaji hukata juu ya kovu, kisha huongeza mikato miwili kila mmoja katika ncha yake, ili zipatikane pembetatu mbili za ngozi zinazobadilishana nafasi. Pembe hizo zikiwa za nyuzi 60, urefu wa mahali palipokaza huongezeka, kwa hesabu ya nadharia, kwa takriban asilimia 75, na mwelekeo wa kovu la katikati hugeuka kwa nyuzi 90. Kovu lililoukingama mkunjo wa kiungo sasa hulala sambamba nao. Mpasuaji ameiongezea ngozi urefu bila ya kuleta ngozi mpya kutoka kwingine.

4.3 Tumbo

Ngozi ya tumbo, hasa sehemu yake ya chini, huelekea zaidi kulala kuliko kusimama. Mkato wa kulala juu ya kinena, ulioelezwa na Pfannenstiel mwaka 1900 na ambao hutumika sana katika kuzalisha kwa upasuaji, hufuata mwelekeo huo na kovu lake mara nyingi huwa jembamba. Pamoja na hayo, mkato wa wima katikati ya tumbo una nafasi yake. Hufunguka haraka, humwezesha mpasuaji kufikia sehemu kubwa ya tumbo, na huweza kurefushwa inapohitajika. Pale ambapo utumbo umepasuka au damu inavuja ndani, uhai hutangulia kovu. Kufuata mwelekeo wa ngozi ni kanuni kwa mpasuaji mwenye nafasi ya kuchagua.

4.4 Keloidi

Keloidi ni kovu linalofura na kuvuka mipaka ya jeraha lililolizaa. Watu wenye asili ya Afrika huathiriwa nalo zaidi kuliko wengi wengine, na hutokea hasa kifuani, mabegani na katika ndewe za masikio. Mvuto wa ngozi unatajwa miongoni mwa vichocheo vyake, na kifua na mabega ni mahali penye mvuto mkubwa. Lakini mvuto si sababu pekee, kwani ndewe ina mvuto mdogo na bado huota keloidi baada ya kutogwa. Kwa hiyo, daktari anaweza kumwambia mgonjwa kwamba mkato uliolazwa vizuri hupunguza hatari. Hawezi kumwahidi kwamba utaiondoa.

5.0 SUALA LA ISTILAHI

5.1 Msamiati uliopo

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kuitaja ngozi iliyokatwa. Tunayo chale, tojo, nembo, mtai, kovu, baka, jeraha na mshono. Maneno haya hutaja alama, kusudi lake au chanzo chake. Hakuna hata moja linalotaja mwelekeo wake. Chukua nembo za mviringo zilizochanjwa kuzunguka macho katika jamii ya Wataturu. Alama ya mviringo lazima ifuate mwelekeo wa ngozi katika baadhi ya sehemu zake na kuukingama katika nyingine. Kwa mchanjaji jambo hilo si kasoro, kwa kuwa alama yake imekusudiwa ionekane. Mpasuaji ana kusudi lililo kinyume, na msamiati wa kuchanja haumtoshi.

5.2 Upungufu wa "mistari ya mvutano wa ngozi"

Tafsiri hii ina sifa ya kueleweka kwa haraka, lakini ina matatizo matatu. La kwanza ni neno mstari. Mstari ni kitu kilichochorwa au kinachoonekana. Mwanafunzi anayeambiwa afuate mistari ya ngozi ataitafuta kwa macho, na akiikosa ataifungua picha ya Langer kitabuni, hata kama anashughulikia pembe ya mdomo, mahali ambapo picha hiyo humpotosha.

Tatizo la pili ni neno mvutano. Kwa kiambishi chake cha kutendana, neno hili limezoeleka kwa maana ya pande mbili zinazogombana, kama vile mvutano wa wanasiasa. Neno mkazo nalo haliwezi kuchukua nafasi yake bila ya taabu: katika isimu limekwisha kutengwa kwa dhana ya kifonolojia, na katika tiba linafaa zaidi kutaja kovu linalokaza. Tatizo la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kwamba jina hili moja hutumika kwa dhana zote tatu tulizozitenga katika sehemu ya 3.0.

5.3 Mapendekezo

Tunapendekeza yafuatayo:

(a) Mistari ya Langer: mistari iliyochorwa kutokana na matundu katika ngozi ya maiti. Hapa neno mstari ni sahihi, kwa sababu ilichorwa kweli, na jina la mtu linafaa kwa kuwa linaifunga dhana katika historia yake.

(b) Makunyanzi: mikunjo inayoonekana katika ngozi iliyo hai, inayotokana na kazi ya misuli na umri. Neno hili lipo tayari na halihitaji kuundwa.

(c) Mikondo ya mwambo: mwelekeo wa mvuto wa ngozi hai wakati misuli imetulia, unaotambuliwa kwa kufinya. Mkondo ni mwelekeo wa kitu kisichochorwa, kama maji ya mto. Haumlazimishi mtu kutafuta alama. Mwambo ni nomino itokanayo na kitenzi wamba, kwa kanuni ile ile inayotupa mchezo kutokana na cheza na mkato kutokana na kata.

Kitenzi wamba kina faida ambayo mvutano haina. Kinataja ngozi yenyewe: twawamba ngoma, na twawamba ngozi ya ng'ombe kwa vigingi ili ikauke. Katika mkoa wa wafugaji kama Singida, picha hiyo haihitaji maelezo marefu. Aidha, kitenzi hiki kinazaa. Ngozi iliyo juu ya mwili imewambwa. Ngozi ya mzee iliyolegea imepungua mwambo. Na kwa kanuni ya kutendua, mpasuaji anayelilegeza kovu lililokaza kwa umbo la Z anaweza kusemwa kwamba analiwambua.

Tukizipima istilahi hizi kwa vigezo vinavyojulikana kwa wasomaji wa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili kilichotolewa na TUKI, zinatimiza usahihi, uwekevu, uzalishaji na uangavu. Pingamizi moja tunalolitarajia ni kwamba mwambo hukaribiana kwa sauti na mwamba na mwambao. Tunalikubali, lakini hatulioni kuwa zito: muktadha wa chumba cha upasuaji hautaji miamba wala pwani. Pingamizi la pili ni kwamba mistari ya mvutano imekwisha kuanza kutumika. Jibu letu ni kwamba istilahi iliyozoeleka huheshimiwa inapokuwa haidhuru. Hapa inadhuru, kwa kuwa inaificha tofauti ambayo matokeo yake hubaki usoni mwa mtu maisha yake yote.

6.0 ISTILAHI MBELE YA MGONJWA

Istilahi ya tiba hupimwa mwisho katika mazungumzo. Mazungumzo yafuatayo yametungwa na mwandishi ili kuonyesha dhana hii inavyoweza kufikishwa. Mama wa makamo mwenye ualbino ana kidonda shavuni kinachopaswa kuondolewa. Daktari ni kijana.

Daktari: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, mwanangu. Haya, umesema utakikata. Kovu litakuwa kubwa?
Daktari: Kovu litakuwepo, mama, sitakuficha. Na litakuwa refu kuliko kidonda chenyewe.
Mama: Refu kuliko kidonda? Kwa nini?
Daktari: Nikikata duara, ngozi itajikunja pembeni. Nitakata kama umbo la jani. Hebu tabasamu kidogo. Umeuona mkunjo huu unaotoka puani kuja mdomoni? Jani langu nitalilaza sambamba nao.
Mama: Na ukilikingamisha?
Daktari: Ngozi ya uso imewambwa, mama, kama ya ngoma. Nikiikingama, huku itavuta kwake na huku itavuta kwake. Kovu litapanuka.
Mama: Kumbe unaifuata inakotaka yenyewe. Basi sawa, mwanangu.

Daktari hakutaja mikondo ya mwambo kwa jina lake kamili, wala haikuwa lazima. Alitumia kitenzi ambacho istilahi imetokana nacho, na mgonjwa akaikamilisha dhana kwa maneno yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, ridhaa aliyoitoa mama ni ridhaa ya mtu aliyeelewa: anajua kwamba kovu litakuwa refu, na anajua sababu yake. Mgonjwa asiyeambiwa hilo huenda akauona mshono wa sentimita 3 mahali palipokuwa na kidonda cha sentimita 1, akadhani amekatwa kwa uzembe. Nchini Tanzania, ambako sehemu kubwa ya upasuaji wa vijijini imekuwa ikifanywa na madaktari wasaidizi wenye wagonjwa wengi na muda mchache, neno linalofupisha maelezo huongeza uwezekano wa maelezo hayo kutolewa.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba ngozi ya mwanadamu imewambwa juu ya mwili kwa mielekeo maalumu, na kwamba mkato unaoifuata mielekeo hiyo hupona vizuri kuliko unaoikingama. Yameonyesha pia kwamba taaluma ya upasuaji ilianza kuijua mielekeo hiyo kwa maiti, ikaendelea kwa makunyanzi, ikafikia mkono unaoifinya ngozi hai. Istilahi za Kiswahili hazina budi kuzihifadhi hatua hizo tatu bila ya kuzichanganya: mistari kwa kilichochorwa, makunyanzi kwa kinachoonekana, na mikondo ya mwambo kwa kinachopapaswa.

Yapo mambo mawili yanayosubiri utafiti. Mosi, istilahi hizi zijaribiwe kwa wauguzi, madaktari na wagonjwa katika hospitali za mkoa, ili ijulikane zipi zinashika na zipi zinateleza. Pili, yakusanywe maneno ya wachuna ngozi na wawamba ngoma katika Kinyaturu, Kinyiramba na Kitaturu, kwa kuwa yamkini mafundi hao wana majina ya mielekeo ya ngozi ambayo Kiswahili sanifu hakijayapata. Mwanaisimu atakayeyakusanya maneno hayo atakuwa amemsaidia mpasuaji kabla hajashika kisu.